John Curwen, Mchungaji Asiyejua Kuimba

Mtu akiingia kanisani siku ya mazoezi ya kwaya, katika parishi nyingi za nchi yetu huona ubaoni herufi ambazo asiyezoea hawezi kuzielewa: d, m, s, kisha nukta pacha, kistari, tena l, s, f. Mwalimu hugonga meza kwa rula, hutoa sauti ya doh, na waimbaji wa sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi huanza kusoma wimbo ambao hawajausikia tangu kuzaliwa kwao. Hakuna piano. Mara nyingi hakuna hata kinanda. Jambo hili limekuwa la kawaida mno kwetu, hata hatuulizi lilitoka wapi. Katika karne ya 19 jina la mtu aliyelieneza lilijulikana Uingereza nzima, na likavuka bahari mpaka Madagaska na Afrika Kusini. Ni John Curwen, na tunapenda kusimulia habari zake hapa, maana maisha yake yanawahusu walimu wa shule, walimu wa Shule ya Jumapili, na zaidi sana wale watoto wanaoambiwa kwamba hawakujaliwa sauti.

Alizaliwa tarehe 14 Novemba 1816 katika mji wa Heckmondwike, jimbo la Yorkshire, kaskazini ya Uingereza. Baba yake, Spedding Curwen, alikuwa mchungaji wa wale Wakristo walioitwa Independent, yaani wasiokuwa chini ya Kanisa la Uingereza, ambao kila kusanyiko lao lilijiongoza lenyewe. Mtoto wa nyumba kama hiyo hakuweza kupata digrii Oxford wala Cambridge siku zile, kwa hiyo John alisomea uchungaji katika chuo cha watu wa dhehebu lake na kuhudhuria masomo katika chuo kikuu kipya cha London. Mwaka 1838 akawa msaidizi wa mchungaji katika mji wa Basingstoke, kijana wa miaka 21.

Kijana huyu aliwapenda sana watoto. Alitunga kitabu kidogo cha hadithi kwa ajili yao, kikasomwa na wengi, na alijitia katika kazi ya Shule ya Jumapili kwa moyo wote. Alikuwa amesoma mafundisho ya Pestalozzi, yule mwalimu mashuhuri wa Uswisi, aliyeshikilia kwamba mtoto apewe kitu chenyewe kwanza, akione na kukishika, ndipo aambiwe jina lake, na mwisho kabisa aonyeshwe alama yake ya kuandikwa. Kwa njia hiyo Bwana Curwen alifundisha kusoma, na watoto wakasoma. Lakini katika kuimba alishindwa. Alishindwa kwa sababu moja nyepesi: yeye mwenyewe hakujua kuimba. Alinunua vitabu vya muziki vyenye ile mistari mitano, akahangaika navyo, na noti zikabaki vidoa vyeusi machoni pake. Akisikia wimbo hakuweza kuushika upesi. Akiuona kitabuni hakuweza kuutoa kinywani.

Wapo watu ambao wangeacha hapo. Ilidhaniwa na wengi siku zile kwamba muziki ni karama ya wachache. Mtoto wa tajiri mwenye piano nyumbani alipata mwalimu. Mtoto wa mfumaji au wa mchimba makaa alijifunza nyimbo mbili tatu kwa kufuatisha, kama kasuku, na akiwa na sauti mbaya aliachwa. Na tusiseme kwamba hayo ni mambo ya kale ya Wazungu tu. Hata leo, siku ya mashindano ya shule inapokaribia, yupo mtoto anayewekwa mstari wa nyuma na kuambiwa afumbue kinywa bila kutoa sauti, ili asiiharibu kwaya. Mtoto huyo hulisahau somo lakini halisahau neno lile, na akiwa mtu mzima atawaambia watoto wake kwamba katika ukoo wao hawajui kuimba.

Mwaka 1841 walimu wa Shule za Jumapili walikutana katika mji wa Hull. Katika mkutano ule John Curwen alipewa kazi ya kutafuta njia iliyo nyepesi kuliko zote ya kufundisha kuimba mashuleni na makanisani, kisha awapendekezee wenzake. Mtu asiyejua kuimba ndiye aliyetumwa! Labda hapa ndipo penye busara ya jambo lile, ingawa sidhani wenyewe waliikusudia. Mwanamuziki hodari asingeona ugumu uko wapi, maana yeye alishaupita akiwa mtoto. Curwen alikuwa bado yumo ndani yake.

Karibu na wakati huo kilikuwa kimemfikia kitabu kilichopigwa chapa Norwich mwaka 1835, kilichotungwa na mwanamke aliyeitwa Sarah Ann Glover. Lazima tusimame kidogo kwa bibi huyu, maana bila yeye tusingekuwa na habari ya kusimulia. Tena alikuwa mtu wa Kanisa letu. Alizaliwa Norwich tarehe 13 Novemba 1786, binti wa padre wa Kianglikana, na baba yake alipotumikia kanisa la Mtakatifu Lawrence katika mji huo, Sarah na dada yake Christiana waliendesha shule ya wasichana maskini. Hawakuwa na fedha za vyombo vya muziki kwa kila mtoto. Walikuwa na sauti za watoto, ukuta, na fimbo ya kuonyeshea.

Bibi Glover alizichukua zile silabi za kale ambazo mtawa Guido wa Arezzo, huko Italia, alianza kuzitumia katika karne ya 11 kuwafundisha waimbaji wake. Akazibadili kidogo. Noti ya saba, iliyokuwa ikiitwa si, aliiita te, ili isianze kwa herufi moja na sol. Hivyo kila silabi ikawa na herufi yake ya mwanzo, na herufi moja ikatosha kuiandika noti nzima. Akazipanga herufi hizo wima kama ngazi, akaibandika ngazi ukutani. Mwalimu akigusa herufi kwa fimbo, watoto wanaimba. Akipanda, wanapanda, akiruka, wanaruka. Kwa kuwapa watoto sauti ya kuanzia alitumia chombo cha vipande vya kioo kinachogongwa kwa nyundo ndogo. Watoto wake waliimba kwa kusoma nyimbo ambazo waimbaji wengi wa makanisa makubwa waliziimba kwa kukariri.

Curwen alikichukua kitabu kile akajaribu pamoja na mtoto mmoja aliyekaa katika nyumba aliyopanga. Walijifunza wote wawili, mchungaji na mtoto, hatua kwa hatua. Baada ya majuma mawili hivi aliweza, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kuufumbua wimbo kutoka kwenye karatasi bila kusaidiwa na mtu.

Kwa nini herufi ziliweza mahali mistari ilipomshinda? Wenye kuimba kwaya watanivumilia nikieleza, maana jambo lenyewe ni dogo lakini kila kitu kinasimama juu yake. Katika solfa, doh si sauti moja iliyofungwa mahali pamoja. Doh ni nyumbani. Wimbo ukianzia juu, doh iko juu. Ukiteremshwa kwa sababu wanaume wameamka na mafua, doh inateremka pamoja nao, na noti nyingine zote zinafuata kwa umbali uleule. Mtoto akishaijua nyumbani, anajua soh iko umbali gani na nyumbani, leo na kesho, katika wimbo wowote. Wakati huohuo serikali ya Uingereza ilikuwa ikiunga mkono njia nyingine, iliyotoka Ufaransa kwa Bwana Wilhem na kufundishwa London na John Hullah tangu mwaka 1841 mbele ya umati mkubwa wa watu. Katika njia ya Hullah, do ilikuwa daima noti ya C, hata wimbo uwe wa ufunguo gani. Mwanzoni watu waliimba vizuri kwa sababu nyimbo za mwanzo zote zilikuwa katika ufunguo wa C. Walipofika kwenye nyimbo za funguo nyingine, majina yakabaki palepale lakini nyumbani pamehama, na wanafunzi wengi wakapotea njiani wakakata tamaa.

Hapa ni lazima tuseme jambo lisilompa Bwana Curwen sifa. Aliichukua njia ya Bibi Glover, akaibadili alivyoona inafaa, akaanza kuieneza kabla ya kupata idhini yake. Herufi zake kubwa akazifanya ndogo. Namna yake ya kuonyesha urefu wa noti akaibadili pia, na baada ya muda zikatokea zile nukta pacha na mistari wima tunayoijua sisi. Alimwandikia barua baadaye. Yule bibi hakufurahishwa na mabadiliko yale, na kwa miaka yote iliyobaki aliendelea na mwandiko wake mwenyewe. Mwaka 1845 alitoa kitabu kingine cha kuufundisha. Lakini hakuenda mahakamani wala hakudai sehemu ya faida. Curwen naye hakuficha kamwe kwamba chimbuko ni Norwich, na jina la Bibi Glover alilitaja kwa heshima maisha yake yote. Hata hivyo, mtu akisoma habari hii anaona kwamba mwanamke aliyefanya kazi kwa miaka zaidi ya 20 katika shule ya maskini alisahauliwa na wengi, na mwanamume aliyekuja baadaye akapata jina. Bibi Glover alifariki tarehe 20 Oktoba 1867 huko Malvern, akiwa na miaka 80.

Turudi kwa Curwen. Mwaka 1843 alitoa kitabu chake cha kuimba kwa shule na makusanyiko. Mwaka 1844 akawa mchungaji wa Plaistow, upande wa mashariki wa London, mahali pa watu wa kazi za mikono, na mwaka uliofuata akamwoa Mary Thompson. Plaistow ndiyo iliyokuwa shamba lake la majaribio. Alifundisha jioni, alifundisha Jumapili, alibadili somo lililoshindikana na kulijaribu tena juma lililofuata. Mwaka 1853 chama cha solfa kiliundwa. Mwaka 1858 alitoa kitabu chake kikubwa cha mfululizo wa masomo. Mwaka 1863 akafungua kiwanda cha kupiga chapa huko Plaistow, na mwaka 1864 akaacha uchungaji ili kazi hii apewe yote.

Kiwanda kile kilikuwa na maana kubwa kuliko inavyoonekana. Kupiga chapa noti za mistari mitano kulihitaji mafundi na vifaa vya pekee, na vitabu vilikuwa ghali. Solfa ni herufi za kawaida na alama za kawaida. Mpiga chapa yeyote anayeweza kutoa gazeti anaweza kutoa wimbo. Kazi kubwa za watunzi kama Handel zilianza kupatikana kwa senti chache, na mfanyakazi wa kiwandani aliweza kuwa na nakala yake mwenyewe mkononi. Ndiyo maana baadaye vituo vya wamisionari vyenye mashine moja ndogo ya kupigia chapa viliweza kutoa vitabu vya nyimbo katika lugha za Kiafrika.

Sasa kuhusu kufundisha kwenyewe, maana huko ndiko kuliko utajiri wa mtu huyu. Curwen aliona kwamba kila noti katika ngazi ina tabia yake, kama watu wa nyumba moja walivyo na tabia zao. Doh ni imara, imetulia. Soh inang'aa na kuita. Lah ina huzuni. Te ina ukali na inatamani kupanda kwenda doh. Fah ina uzito na inapenda kushuka. Hakutaka mtoto ahesabu hatua kichwani kama mwenye duka ahesabuye senti. Alitaka azitambue noti kwa tabia, kama amtambuavyo shangazi yake kwa kikohozi kabla hajafungua mlango. Baadaye, yapata mwaka 1870, akaongeza ishara za mkono. Ngumi iliyofungwa ni doh. Kiganja kilicholala sawa kikitazama chini ni me. Kiganja kilichosimama kikimtazama mwimbaji ni soh. Kidole cha shahada kinachoelekea juu ni te. Mwalimu asiye na ubao wala chaki akawa na ngazi nzima mkononi mwake, na mtoto asiyeweza kukaa kimya alipata kitu cha kufanya na mikono yake wakati anaimba.

Kwa urefu wa noti alichukua silabi kutoka kwa Mfaransa Aimé Paris, za kutamkwa kama taa na taatai, ili mapigo yasemwe kinywani kabla ya kuandikwa. Mtu wa pwani au wa bara aliyejifunza ngoma hatashangaa. Wapiga ngoma wetu hufundishana mapigo kwa mdomo kabla mkono haujagusa ngozi.

Kulikuwa na jambo jingine, nami naliona ni kubwa kuliko ishara za mikono. Curwen alitoa vyeti vya ngazi mbalimbali, na cheti hakikutolewa kwa darasa bali kwa mtu mmoja mmoja baada ya kusikilizwa peke yake. Wengine waliona ni usumbufu. Lakini darasa zima likiimba pamoja, watano hodari hubeba 40, na mwalimu huenda nyumbani akifikiri amefundisha. Akimsikiliza kila mmoja, anagundua kwamba Juma wa nyuma hajawahi kuipata me hata siku moja, na hapo ndipo anaweza kumsaidia. Kutomwacha mtoto nyuma kunaanza na kumsikia.

Na ile ngazi ya ukutani ilitoa nafasi ya ubunifu. Walimu wa solfa walizoea kuonyesha kwa fimbo nyimbo walizozitunga palepale, darasa likifuata bila kujua herufi ijayo ni ipi. Mwalimu wa leo akimpa mtoto ile fimbo, mtoto huyo huwa mtunzi. Mtoto wa darasa la tatu asiyejua chochote juu ya kutunga muziki anaweza kugusa d, m, s, l, s, na wenzake 60 watamwimbia wimbo wake papo hapo. Shule gani inakosa ukuta na fimbo?

Wanamuziki wasomi walimcheka. Waliiona solfa kuwa muziki wa watu wa chini, wa vyama vya kupinga ulevi na Shule za Jumapili. Lakini matokeo yalisikika. Mwaka 1864 mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz, aliyechunguza sauti kuliko mtu yeyote wa zama zake, aliwasikiliza watoto wa shule wa London waliofundishwa kwa solfa, akastaajabia usahihi wao. Mwaka 1867 kwaya ya waimbaji wa solfa ilikwenda kwenye maonyesho makubwa ya Paris ikarudi na tuzo. Chuo cha solfa kilianzishwa mwaka 1869, na baadaye kikajengewa nyumba yake huko Forest Gate, London. Hullah ndiye aliyepewa kazi ya ukaguzi wa muziki katika vyuo vya ualimu mwaka 1872, na mabishano kati ya pande mbili hayakuisha. Ila walimu wa shule za msingi, ambao ndio waliosimama mbele ya watoto, walizidi kuchagua solfa.

Mwaka huohuo wa 1872 Curwen alichukua hatua ambayo mimi naiona ilikuwa ya hasara. Tangu mwanzo aliwafundisha wanafunzi solfa kama daraja la kuwafikisha kwenye noti za mistari. Sasa katika toleo jipya la kitabu chake kikubwa aliiondoa mistari, akategemea solfa peke yake. Tunaweza kuelewa sababu: alichoka kuona watu wakiidharau solfa kama kitu cha kitoto. Lakini solfa, kwa wema wake wote, haiwezi kila kitu. Haimfai mpiga piano anayepiga noti sita kwa pamoja, na wimbo ukihama ufunguo mara kwa mara herufi zake huwa vurugu. Mwanafunzi aliyeishia kwenye solfa alikaribishwa katika kwaya, lakini mlango wa vyombo vingi na wa vyuo vya muziki ulibaki umefungwa. Kwetu hapa tumeyaona hayo. Wapo walimu wa kwaya wenye kipaji kikubwa, watunzi wa nyimbo zinazoimbwa na dayosisi nzima, ambao wakiwekewa karatasi ya mistari mitano hurudi kuwa kama Curwen wa Basingstoke. Si kosa lao. Walijengewa daraja likaishia katikati ya mto.

Siku za mwisho za Bwana Curwen hazikuwa ndefu. Afya yake ilikuwa imemsumbua tangu miaka ya 1850, alipolazimika kwenda kupumzika Ujerumani. Mke wake alifariki mwanzoni mwa mwaka 1880, naye akamfuata tarehe 26 Mei mwaka huohuo, akiwa katika safari Manchester, umri wake miaka 63. Mwanawe John Spencer Curwen aliendelea na kazi ya chuo na ya kiwanda. Ni huyo mwana aliyeanzisha, mwaka 1882, mashindano ya muziki ya Stratford, mashariki ya London, na mashindano ya namna hiyo yakaenea katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza, hata wazazi wengi wa Kenya wanayajua vizuri kwa gharama za sare na nauli.

Ishara za mikono nazo zilisafiri. Mtunzi Zoltán Kodály wa Hungaria, aliyefariki mwaka 1967, alipotaka watoto wote wa nchi yake wajue kuusoma muziki kama wanavyosoma lugha yao, alichukua ishara za Curwen na doh inayohama, akaziunganisha na nyimbo za vijijini za Hungaria. Hilo la nyimbo za vijijini ndilo lililokosekana mahali pengi solfa ilipofika Afrika.

Huku ilifika mapema. Mwaka 1855 hivi mmisionari Mmethodisti, Christopher Birkett, alianza kuifundisha huko Fort Beaufort, Afrika Kusini, na katika muda mfupi Waafrika wenyewe wakawa walimu wa walimu. Lakini mara nyingi kilicholetwa pamoja nayo ni nyimbo za Ulaya, zikavishwa maneno ya Kiafrika bila kupimwa. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Wimbo wa Kiingereza hauna habari hiyo. Basi tukazoea kuimba Mungú na Bwaná, na wazee wakatuambia ndiyo heshima ya kanisa. Katika lugha zinazobadili maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti, hali ilikuwa mbaya zaidi, maana neno liliweza kugeuka kuwa neno jingine. Padre A. M. Jones, Mwanglikana wa UMCA aliyefundisha miaka mingi Mapanza, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, alilichunguza jambo hili na kuandika juu yake, na kitabu chake kikubwa cha muziki wa Kiafrika kilitoka mwaka 1959. Ngoma, kayamba na marimba zilibaki nje ya mlango wa shule kwa muda mrefu, na mtoto aliyekuwa bingwa wa ngoma kijijini alihesabiwa kuwa hajui muziki.

Lakini herufi hazikuwa na hatia, na waliozipokea hawakubaki kuimba vya watu. John Knox Bokwe wa Lovedale alitoa nyimbo zake mwenyewe kwa solfa mwaka 1885. Na katika mwaka 1897 mwalimu mmoja wa shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, Enoch Sontonga, kijana aliyependa kuwatungia wanafunzi wake nyimbo za kuimba darasani, aliandika katika daftari lake, kwa herufi zilezile za d, r, m, wimbo mfupi wa kuiombea Afrika. Alifariki mwaka 1905 bila kujua utafika wapi. Sauti za wimbo ule, kwa maneno ya Kiswahili, ziliimbwa Dar es Salaam usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, na ndizo watoto wa shule za Tanzania wanazoimba asubuhi wakiwa wamesimama mstarini, wote, wenye sauti nzuri na wasio nayo.